Kijana ana kiwewe na sonona kwa pamoja: TF-CBT, EMDR, IPT au dawa, uanze na ipi?

Wazazi wengi wakishakubali kwamba mtoto anahitaji msaada wanadhani kazi ngumu imeisha, kumbe hapo ndo maswali yanaanza, maana ukianza kutafuta unakutana na majina kibao, TF-CBT, EMDR, IPT, CBT ya kawaida, huyu anakwambia dawa, yule anakwambia mlete tu tuongee nae. Sasa "tuongee nae" siyo jina la tiba. Kuna mazungumzo yanayotibu na kuna mazungumzo yanayompoza moyo kwa lisaa limoja afu usiku ndoto ni zilezile, na hizi tiba zenyewe zinatofautiana kweli kweli, kila moja ilitengenezwa kwa tatizo lake. Naziweka hapa moja pembeni ya nyingine na ntasema wazi ninaegemea wapi, ili ukikaa mbele ya mtaalamu ujue unauliza nini.

Kinachomlemea zaidi ni kipi?

Hili swali ndo linaamua karibu kila kitu. Kiwewe na sonona vinapenda kutembea pamoja lakini havifanani. Kiwewe kina tukio nyuma yake na hilo tukio linarudi, linarudi kwenye ndoto, linarudi kama picha mchana kweupe akiwa darasani, mwili unashtuka mlango ukibamizwa, anakwepa njia fulani, mtu fulani, hata harufu fulani, na ukigusia mada anabadilisha maneno au anaondoka. Sonona haihitaji tukio, yenyewe ni kuzama tu: vitu alivyovipenda havina ladha tena, usingizi umeharibika, kula kumeharibika, anachoka bila kazi, anajiona hafai na mzigo kwa wenzie. Wataalamu wanaihesabu sonona hali ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na kile kiwewe kinachoitwa PTSD wanakihesabu dalili zikipita mwezi 1 tangu tukio.

Na kuna kitu kinawapita watu wengi sana. Kijana mwenye sonona anaweza asionekane na huzuni hata kidogo, anaonekana mkali, anajibu mbovu, kila kitu kinamkera, na sisi tunasema ana kiburi, ujana unamsumbua, marafiki wamemharibu. Kwa watu wazima huzuni ndo alama kubwa, ila kwa watoto na vijana hasira na kukereka vinahesabika kabisa kama alama ya sonona, wataalamu wanalikubali hilo rasmi. Kwa hiyo kabla hujamhukumu tabia, jiulize alikuwa hivyo mwaka jana?

Kabla sijalinganisha chochote lakini, hili halisubiri. Kama anaongelea kufa, anagawa vitu vyake, anajikatakata, au anasema nyie mtakuwa na raha nisipokuwepo, usianze kuchagua aina ya tiba, mpeleke hospitali leo au piga namba ya dharura ya hapo mlipo, asiachwe peke yake, na dawa, sumu, kamba na vitu vyenye ncha viondoke anapoweza kuvifikia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, watu wanaogopa hili bure, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa wenye miaka 15 hadi 29, kwa hiyo maneno ya kijana kuhusu kufa yachukuliwe yalivyo, yasiitwe maigizo.

Kiwewe kikiwa mbele: TF-CBT au EMDR

Hapa ndo pana mambo mengi kwa hiyo ntakaa kidogo.

TF-CBT ni tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa maalumu kwa watoto na vijana wenye kiwewe, walioianzisha ni Wamarekani watatu, Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, na inafaa kuanzia miaka 3 hivi mpaka 18. Kawaida inachukua sesheni 12 mpaka 16, moja kwa wiki, na mzazi au mlezi anakuwa ndani ya tiba, anapewa na yeye muda wake na mtaalamu, siyo kukaa nje kusubiri. Sesheni za mwanzo hamna anayelazimisha habari za tukio, mtoto anafundishwa kiwewe ni nini na kwa nini mwili wake unafanya vile, namna ya kupumua na kulegeza mwili, kutaja hisia kwa majina yake, kuona uhusiano wa wazo na hisia na kitendo. Baada ya hapo ndo wanaingia kwenye simulizi.

Chukua mfano wa binti wa miaka 14 aliyefanyiwa ukatili na mtu wa karibu. Mtaalamu hamwambii haya sema yote. Wanaanza na ukurasa mmoja wa kumhusu yeye tu, anapenda nini, rafiki yake nani. Sesheni nyingine anaandika siku ile ilivyoanza kabla ya baya lolote, alikuwa amevaa nini, redio ilikuwa inaimba. Afu sentensi mbili tatu za pale ubaya ulipoanza, wanasimama, anaulizwa hofu iko ngapi kuanzia 0 mpaka 10, anasema 9, wanapumua pamoja, anaisoma tena kwa sauti, sasa ni 7, wanaishia hapo kwa leo. Wiki zinaenda. Siku moja wanafika kwenye mstari alioandika mwenyewe, "nilinyamaza, kwa hiyo nilikubali", na hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Mtaalamu hambishii, anamuuliza, mtoto mwingine wa umri wako akinyamaza kwa sababu ameganda kwa woga, utasema alikubali? Binti anakaa kimya muda mrefu. Ule mstari hauandikwi upya siku hiyohiyo, unaweza kuchukua sesheni tatu nne, ila ukija kubadilika na uzito mwingine wote unaanza kushuka.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu moja, sonona nyingi za vijana waliopitia mabaya zimelala palepale, kwenye sentensi ya kujilaumu ambayo hawajawahi kuitoa mdomoni. Ndo maana tiba ya kiwewe ikifanyika vizuri sonona nayo mara nyingi inapungua hata kama hamna aliyeigusa moja kwa moja, na ndo maana mazungumzo ya kupoza poza yasiyofika kwenye tukio yanaweza kuendelea miezi na miezi bila kusogea.

EMDR inafika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Ilianzishwa na Francine Shapiro, Mmarekani pia, mwaka 1987, utafiti wake wa kwanza ukatoka 1989. Ina hatua 8, na za mwanzo nazo ni za maandalizi, mtu hatupwi kwenye kumbukumbu siku ya kwanza. Ikifika kazi yenyewe, kijana anaishika akilini ile picha mbaya kuliko zote, wazo baya analojipa juu yake ("mimi ni mchafu", "ningemwokoa"), na mahali anapolisikia mwilini, huku macho yanafuata vidole vya mtaalamu kulia kushoto kulia kushoto, au anagongwagongwa taratibu kwenye viganja kwa zamu. Inaenda muda mfupi, wanasimama, anaulizwa kimekuja nini, anajibu hata kwa neno moja, "naona mlango", haya endelea na hapo. Wanarudia mpaka ile picha ikose makali. Hahitaji kusimulia kila kitu, na kazi za kufanyia nyumbani ni chache au hamna kabisa.

Utasikia watu wanasema haya mambo ya macho ni mazingaombwe. Ukweli ni kwamba wataalamu bado wanabishana kama macho yenyewe yanaongeza kitu au kinachotibu ni kule kuikabili kumbukumbu ukiwa mahali salama, lakini kwamba tiba nzima inasaidia PTSD hapo hamna mabishano makubwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilizipendekeza zote mbili, EMDR na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, kwa watoto na vijana. Uingereza kwenye mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, wamezipanga kwa foleni, wanaanza na ile ya fikra na tabia, EMDR wanaifikiria kwa wa miaka 7 hadi 17 pale ya kwanza isipofanya kazi au kijana asipoweza kushirikiana nayo.

Mimi ningechagua hivi. Mtoto ni mdogo, kuna mlezi mmoja wa kuaminika anayeweza kuja kila wiki, na kinachomla ni aibu na kujilaumu: TF-CBT, bila kusita sana, maana mlezi akijifunza namna ya kujibu pale mtoto anaposema "ni kosa langu" tiba inaendelea mpaka nyumbani. Kijana ni mkubwa kidogo, kafunga mdomo kabisa, tukio ni moja linalojulikana kama ajali au kushuhudia kifo, na kila ukitaja kuandika anasema sitaki: EMDR inaweza kumfikia mahali maneno hayafiki. Mlezi hayupo au mlezi mwenyewe ndo sehemu ya tatizo, zote zinawezekana, ila EMDR haimtegemei sana mlezi. Na kama aliyemuumiza bado anaishi nae nyumba moja, kwanza aondolewe kwenye hatari. Huwezi kumfundisha mtoto kwamba hatari imepita wakati ipo chumba cha pili.

Matukio yakiwa mengi, kamba na mawe

Kuna vijana ambao ukiwauliza tukio wanakuuliza lipi. Wakimbizi, waliopitia vita, waliotekwa wakalazimishwa kupigana, waliokulia kwenye kipigo tangu wanajifunza kutembea. Kwa hawa kuna tiba inaitwa NET, na ya watoto ni KIDNET, ilianzia kwa Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Kamba inalazwa sakafuni, mwanzo wake ni siku aliyozaliwa, kijana anaweka maua kwenye mambo mazuri ya maisha yake na mawe kwenye mabaya, makubwa kwa madogo, na kipande cha mwisho cha kamba kinaachwa kimekunjwa kwa sababu hayo ni maisha ambayo bado hajayaishi. Afu sesheni kwa sesheni wanapita jiwe moja moja kwa mpangilio wa miaka, anasimulia aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, mtaalamu anaandika, wiki inayofuata anasomewa na wanaendelea.

Tofauti na TF-CBT ni kwamba huku lengo ni maisha yote yapate mpangilio, maana kumbukumbu za kiwewe zinakuwa kama hazina tarehe, zote zinatokea leo. Ni fupi pia. Utafiti uliotoka 2011 uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa vijana waliowahi kuwa askari watoto ulitumia sesheni 8 tu, waliotibu wakiwa wenyeji wa palepale waliofundishwa, siyo madaktari, na dalili za PTSD zilishuka vizuri kuliko kwa wale waliopewa masomo ya ziada au waliowekwa kwenye foleni.

Hilo la watu wa kawaida waliofundishwa naomba lisikupite, maana wengi wanakata tamaa wakisikia hamna mwanasaikolojia karibu. TF-CBT nayo imejaribiwa hivyohivyo. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 2020 uliofanyika Kenya na Tanzania kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi, wakatibiwa kwa vikundi na washauri wasio na shahada za saikolojia waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, na kwenye maeneo matatu kati ya manne walikofanyia kazi watoto hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma za kawaida. Kwa hiyo usiulize digrii peke yake, uliza amefundishwa tiba gani na nani anamsimamia.

Sonona ikiwa mbele: CBT au IPT

Hapa picha inabadilika. Huyu hakimbii kitu, huyu amezama.

CBT ya kawaida, yaani tiba ya fikra na tabia, imetokana na kazi za Aaron Beck za miaka ya 1960. Inashika vitu viwili, mawazo na matendo, na kwa kijana mwenye sonona mimi naamini matendo yanatangulia, maana ukianza kumbishia mawazo wakati hajaoga siku nne unapoteza muda wako na wake. Anapangiwa vitu vidogo kabisa, kutoka nje dakika kumi saa kumi jioni, kumjibu rafiki mmoja meseji, afu anaandika kabla na baada hali yake ilikuwa ngapi. Sonona inamwambia subiri upate hamu ndo utafanya, tiba inamwonyesha kwa karatasi yake mwenyewe kwamba hamu inakuja baada ya kufanya. Inafaa kijana anayependa vitu vya mpangilio, anayeweza kuandika, asiyependa kuzungumzia sana familia yake.

IPT ni tiba ya mahusiano, yenyewe inaanzia kwa watu. Iliasisiwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman miaka ya 1970, baadae Laura Mufson akaitengenezea vijana, sesheni kama 12. Wanachora miduara, kijana yuko katikati, anaweka watu wake karibu au mbali, afu wanatafuta sonona ilipoanza uhusiano gani ulikuwa umebadilika. Inaangukia kwenye moja kati ya mambo manne: kufiwa, ugomvi usioisha na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa kama wazazi kuachana au kuhamia shule nyingine, au upweke wa kushindwa kujenga urafiki. Wanafanyia kazi hilo moja au mawili. Ukitaka kuona inavyofanya kazi, chukua binti anayegombana na mama yake kila siku. Mtaalamu anamwambia nieleze ugomvi wa Jumamosi neno kwa neno. Ulisemaje? Nae akasemaje? Ulitaka akuelewe nini? Sasa hebu tuseme tena, ila safari hii anza na unachojisikia kabla ya kumlaumu. Wanaigiza, anajaribu, anarudi nyumbani anajaribu na mama mwenyewe, anakuja kueleza ilikwendaje.

Kwa kijana ambaye sonona yake imeanza baada ya msiba au ndoa ya wazazi kuvunjika mimi naegemea IPT, inagusa penye maumivu moja kwa moja. Ila ina upande wake. Utafiti uliotoka 2007, huko huko kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za waliokimbia vita, ulichukua vijana 314 wa miaka 14 hadi 17, wengine wakapata IPT ya kikundi, wengine michezo na sanaa, wengine wakasubiri. IPT iliwashusha sonona wasichana vizuri, kwa wavulana tofauti haikuwa ya wazi. Usichukue hiyo kumnyima mvulana IPT, ila ukiona wa kwako anakaa kwenye kikundi wiki baada ya wiki anatazama sakafu, ya mtu mmoja mmoja au CBT yenye vitendo inaweza kumfaa zaidi.

Na sasa onyo ambalo ni la muhimu kwenye sehemu hii yote: CBT ya sonona na IPT hazikutengenezwa kutibu ndoto za tukio na mishtuko. Kijana akiwa na PTSD ya kweli ukampa CBT ya sonona pekee, anaweza kupata nguvu kidogo za kuamka asubuhi, lakini ile picha inabaki inamsubiri.

Dawa nazo?

Dawa hazishindani na mazungumzo kama watu wanavyodhani. Kwa sonona ya kati hadi kali, fluoxetine ndo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa wenye umri mdogo, Marekani imeidhinishwa kuanzia miaka 8, na escitalopram kwa sonona ya vijana kuanzia 12. Utafiti maarufu wa TADS wa 2004, vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, baada ya wiki 12 waliopata nafuu ya kueleweka walikuwa asilimia 71 kwa waliochanganya fluoxetine na CBT, 61 kwa fluoxetine peke yake, 43 kwa CBT peke yake, na 35 kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani. Yaani mchanganyiko ulikuwa juu ya vyote.

Lakini mwaka huohuo wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa zote za sonona kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na 2007 onyo likapandishwa mpaka miaka 24. Onyo halimaanishi usimpe, maana sonona isiyotibiwa nayo inaua, linamaanisha wiki za kwanza na kila dozi inapobadilishwa aangaliwe kwa karibu, mtu mzima ndo atunze dawa, na ukiona anahangaika, halali kabisa, au kawa mkali ghafla, mpigie daktari siku hiyohiyo. Inachukua wiki kadhaa kuona faida kwa hiyo siku kumi bila mabadiliko siyo kufeli. Na isikatishwe ghafla eti kwa sababu kapata nafuu, inashushwa polepole na daktari.

Kwa kiwewe bila sonona kali, dawa siyo mlango wa kwanza kwa wenye umri chini ya miaka 18, mwongozo wa NICE unasema wazi PTSD ya umri huo isitibiwe kwa dawa. Na zile za kutuliza za kundi la diazepam ambazo watu wanapeana kirahisi mtu akipata mshtuko, naomba sana zisiwe njia yako, zinamfanya alale leo na kumbukumbu inabaki ilivyo, tena zinazoeleka mwili ukazitaka kila siku.

Vyote viwili vikiwepo, kipi kitangulie

Hili ndo swali la wengi na ntasema ninavyoamini. Kama anaweza kuamka, anaweza kufika, anaweza kukaa dakika 50 na mtu, na tukio ndo chanzo, anza na tiba ya kiwewe. Usisubiri sonona iishe kwanza, inaweza isiishe kwa sababu chanzo hakijaguswa. Kama hawezi kutoka kitandani, hali chakula, haongei, hapo atanguliziwe kunyanyuliwa, matendo madogo ya CBT na pengine dawa kwa wiki kadhaa, afu ndo mnaingia kwenye kiwewe. Kama anajikatakata au amejaribu kujiua, usalama kwanza, na kuna tiba inaitwa DBT aliyoianzisha Marsha Linehan na baadae ikawekewa mfumo wa vijana, inamfundisha kuvumilia wimbi la hisia bila kujiumiza, ni ndefu na inataka kujitoa kwa familia nzima lakini kwa tatizo hilo ina ushahidi mzuri.

Ila kuna mtego hapa na nauona unakula vijana wengi, ule wa "bado hajawa tayari". Mtaalamu anaogopa, mzazi anaogopa, kijana anaogopa, basi inakuwa mwaka mzima wa kujifunza kupumua. Kupumua ni vizuri lakini ni maandalizi. Kukwepa tukio ndo ugonjwa wenyewe ulivyo, sasa tiba nayo ikikwepa nani atalikabili? Uliza kwa heshima kabisa, tunategemea kuingia kwenye tukio lini, na nini kinatakiwa kiwe tayari kabla. Mwenye kuijua kazi yake atakuwa na jibu.

Kwa upande mwingine, usikimbilie siku ya pili baada ya tukio kumkalisha mtoto asimulie kila kitu kwa kikao kimoja eti atoe sumu. Kile kikao kimoja cha kusimulisha watu mapema hakizuii PTSD na miongozo inakataza. Siku za mwanzo anahitaji usalama, usingizi, watu wake, ratiba ya kawaida, na mtu wa kumsikiliza akitaka mwenyewe kusema.

Kikundi, mtu mmoja, au simu

Kwa kifupi. Kikundi ni kizuri kwa waliopitia jambo linalofanana, wamefiwa, wamekimbia vita, inaondoa ile "ni mimi peke yangu", ila kwa ukatili wa kingono mimi ningetaka simulizi yenyewe ifanyike faragha hata kama vingine vinafanyika kikundini. Simu na video zinafanya kazi kwa CBT na hata kwa tiba za kiwewe, sharti kuwe na chumba anachoweza kusema bila kusikika, na mtu mzima anayejulikana aliye karibu kama hali ikiharibika. Chumba hakipo? Usilazimishe, atakuwa anajibu ndiyo na hapana kwa kuogopa kusikika ukadhani tiba haifanyi kazi.

Ukikaa na mtaalamu uliza hivi

Tiba unayotumia inaitwaje na ulifundishwa wapi, umeshatibu vijana wangapi wenye tatizo kama hili, mnapima vipi kama anapona (wanaojua watakuonyesha dodoso fupi analojaza mara kwa mara), mimi mzazi nitahusishwa wapi, na siri zake mpaka wapi. Hili la siri lizungumzwe kijana akiwepo: anachosema kinabaki pale isipokuwa kama yuko hatarini, anataka kumuumiza mtu, au kuna anayemdhuru. Mzazi unayetaka kujua kila neno alilosema, nakuelewa, unaogopa, lakini akijua kila kitu kinakufikia atasema vya juu juu tu. Muulize umejisikiaje leo, usimuulize umesema nini leo.

Muda wa kusubiri nao utofautishe. Kwenye CBT na IPT ya sonona, wiki 4 hadi 6 zikipita lazima kuwe na kitu kimesogea hata kidogo, usingizi, kutoka nje, kucheka mara moja. Isiposogea kabisa mwambie mtaalamu, hapo ndo inaongelewa dawa au kubadili njia. Kwenye tiba ya kiwewe ukishaanza usimulizi inaweza kuwa mbaya kidogo kwanza, ndoto zikaongezeka wiki moja mbili, anakuwa mkali akirudi, na wazazi wengi wanamtoa hapohapo, ambapo ndo pabaya kuliko pote pa kumtolea. Mjulishe mtaalamu, apunguze mwendo, ila msiache katikati ya simulizi.

Na kijana akisema simtaki huyu mtu, msikilize. Kumkataa mtaalamu mmoja siyo kukataa tiba, kuaminiana kwao ni sehemu ya dawa yenyewe, na kwa aliyeumizwa na mtu mzima aliyemwamini kupata haki ya kuchagua nani akae mbele yake ni jambo kubwa sana. Mkibadilisha, omba yule wa kwanza aandike kwa ufupi walifika wapi, stadi zipi anazo tayari, simulizi imefikia sehemu gani, ili asianze kusimulia upya tangu mwanzo kwa mtu mgeni.